Sabuni kwenye Herufi za Faisal

Rumonge, 12 Februari 2023

Yaya Yonasi,

Kaka yangu, barua hii usimpe mke wangu Elda, wala usiisome mbele ya watu. Ukimaliza, iingize kwenye moto wa chai.

Ukiona mwandiko umelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, ni kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Leo ni siku ya tatu niko kwenye ukurasa huu huu. Mkono wa kulia umefungwa bendeji. Tulikuwa tunateremsha giaboksi ya lori la mawese, mnyororo ukateleza, na mimi nilikuwa bado nimeshika kwa chini. Kidole gumba kimesalimika. Viwili vinavyofuata vimevunjika. Muganga amesema vitaunga, ila havitakunjika tena kama zamani. Nimekueleza yote, sijapunguza kitu.

Elda asijue. Unamfahamu. Akisikia, atapanda boti ya kwanza kuja kunirudisha nyumbani, na huko mlimani juu ya Mboko nitashika jembe kwa mkono upi? Huu ni mwaka wa tatu sili chakula na watoto wangu. Tulipatana kwamba shule ikifunga, yeye na watoto wanahamia huku. Lakini hilo litakuwa tu kama bado nina kazi, na kama nina chumba. Hapa nalala na wanaume wanne.

Patroni Marhun, mwenye garaji, si mutu mubaya. Ni mjukuu wa wale Waarabu waliofika hapa zamani, na maneno yake ni mafupi. Alikuja kuniangalia, akakaa juu ya tairi, akasema: "Josias, mutu wa mukono moja nitamupa kazi gani kwa garaji? Kaa mpaka Idi. Tutaona."

Sasa nafagia, na ninaosha vyuma kwa esansi, ile petroli ya magari. Kuosha kunawezekana kwa mkono mmoja. Najisikia kama mzee, yaya. Lakini nakula, na usingizi naupata.

Mdogo wako,
Josias


Rumonge, 5 Machi 2023

Mama Providence, mke wangu,

Amahoro. Mimi ni mzima. Nakutumia sabuni miche sita na chumvi, mama Marcelina atakuletea kwenye boti yake.

Nina habari. Nimepewa kazi safi, ya kukaa. Mtoto wa dada yake patroni, anaitwa Faisal, ana magari ya zamani kule Bujumbura, anayakodisha kwa arusi. Anasema watu wa Buja siku hizi wakifungua boneti wanataka kuona ndani kama sebule. Basi analeta kile kifuniko cha juu ya injini. Kina herufi, lakini hazikubandikwa, zimezama kwenye chuma kama mifereji midogo. Anataka mifereji ijae rangi nyekundu, na chuma cha juu kibaki cheupe, bila hata alama.

Kwanza walimwita fundi anayeandika mabango ya maduka. Alipaka kwa brashi kama anapaka ukuta. Mimi niliomba kujaribu. Naweka tone moja katikati ya herufi kwa bomba la sindano, halafu nalisukuma hadi kwenye pembe kwa njiti ya ufagio. Rangi inakwenda yenyewe. Mchezo mzuri, Elda. Shida ni kufuta. Rangi inayomwagika juu, nikiifuta kwa kitambaa, kitambaa kinashuka kwenye mfereji kinatoka na rangi yote. Nimeharibu mara nne. Faisal alikitazama akasema: "Iko muzuri katikati, lakini iko chafu pembeni." Amenipa nafasi moja tena kabla ya Idi.

Usishangae mwandiko. Meza ya hapa ni ndogo.

Mumeo,
Josias


Mboko, juu, 26 Machi 2023

Baba Providence,

Sabuni imefika. Chumvi imefika. Murakoze, kama mnavyosema huko.

Sasa niambie ni nani aliyeiandika hiyo barua.

Mimi nimekaa na mwandiko wako tangu hujanioa. Herufi yako ya a ina mkia kama panya anaingia shimoni. Ulikuwa unaiandika hivyo hata kwenye kuta za shule, mwalimu akikuchapa unaiandika tena. Katika barua hii nimetafuta mkia, hakuna hata mmoja. Herufi zote zimesimama moja moja, mbalimbali, kama watu waliogombana. Meza ndogo haiondoi mkia wa a. Nimeiandikia hii kwenye goti, na mwandiko wangu ni ule ule.

Najua mambo ya kule ng'ambo. Mume wa jirani yetu alianza hivyo hivyo. Barua zikawa nzuri, zina nukta na koma, kumbe kuna mtu amekaa pembeni anamwandikia, anampikia na samaki wa mukeke. Kama ni hivyo, sema. Simu ya hapa iko kwa mwenye duka, na ukipiga, duka zima linasikiliza, kwa hiyo andika. Au mwambie yeye aandike, maana anajua.

Na hayo ya rangi, nakujibu kwa sababu ya watoto. Si kwa ajili yako. Tulipopaka rangi madirisha ya kanisa, mama Marcelina alitusuguisha sabuni kavu juu ya vioo kwanza. Rangi ikirukia kioo inakaa juu ya sabuni. Ikishakauka unafuta na maji, inaondoka yote, kioo kinabaki kama hakikuguswa. Wewe chukua mche mkavu, ukate uwe bapa, usugue juu ya chuma kwa mkono mwepesi. Utagusa juu tu, kwenye mfereji hautaingia. Halafu weka rangi yako, uiache ikauke vizuri. Halafu maji. Usiguse esansi.

Mnakaa kwenye mji wa sabuni, lakini lazima uje kuulizia sabuni mlimani.

Elda


Rumonge, 23 Aprili 2023

Elda mke wangu,

Hakuna mwanamke. Nakuapia mbele ya Mungu, na jana ilikuwa Idi hapa, wenzetu nao wameomba, basi nakuapia mara mbili. Mwandiko ni wangu. Mkono ni wangu.

Sabuni imeshinda. Nilinunua mche ule mgumu, wa manjano, unaotengenezwa hapa hapa kwa mawese. Nikaukata, nikasugua juu, nikaweka rangi, nikaacha siku mbili. Ijumaa nilichukua kitambaa cha maji. Nilifuta mara moja tu. Uchafu wote ulitoka kama ngozi ya kitunguu, na herufi zikabaki mle ndani, zimejaa, zina pembe kali. Niliita watu waje waone. Hata yule wa mabango alikuja, akaguna.

Patroni aliuliza: "Nani amekufundisha hii?"

Nikasema: "Bibi yangu, mama wa watoto wangu."

Akasema: "Basi yeye ndiye fundi. Wewe uko mukono yake tu."

Hajanifukuza. Idi imepita na mimi nipo. Faisal ameleta vifuniko vingine vitano, anavitaka kabla ya sikukuu ya uhuru, tarehe moja Julai. Vikitoka vizuri vyote vitano, patroni atanipa hii kazi moja kwa moja, na nyuma ya garaji kuna chumba cha matairi ambacho anasema kinaweza kuondolewa matairi. Kina dirisha. Nimelipima kwa macho, ukisimama pale unaona ziwa kidogo, kati ya mchikichi na ukuta wa jirani.

Kikiharibika kimoja, Faisal anapeleka kazi Bujumbura, na mimi sina tena cha kufanya hapa. Kwa hiyo usinichanganye akili na maneno ya mukeke. Siku nyingi mimi nakula ndagala, hao dagaa wadogo, na naipika mwenyewe.

Mumeo,
Josias


Mboko, 14 Mei 2023

Josias mdogo wangu,

Kalamu yangu ni fupi, nitasema haraka.

Shemeji alikuja hapa Jumapili baada ya ibada. Aliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilipoona sombe ile imetiwa mawese ya kutosha, nilijua kuna jambo. Akaweka barua zako mbili mbele yangu, na ile ya mwaka jana, akasema: "Shemeji, soma kwa macho tu, usisome kwa mdomo. Ni mtu mmoja huyu?"

Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nikasema: "Labda ni kalamu."

Akasema: "Kalamu gani hiyo inayobadilisha mtu?"

Nilikula. Chakula cha watu nimekila kwa uongo, na mimi ni shemasi.

Sasa sikiliza. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa amefunga sufuria zake kwa kamba, tayari kwa safari. Nilipopita jana, kamba ilikuwa inaanikia nguo, na sufuria zimerudi jikoni. Anasema hawezi kuvuka ziwa na watoto kwenda kuwa mgeni katika nyumba ya mwanamke mwingine. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachambua maharagwe.

Wewe unahangaika na chumba. Chumba cha nani, kama haji?

Mwambie. Usipomwambia kabla mama Marcelina hajarudi huku mara ya pili, nitamwambia mimi. Na unajua nisivyojua kueleza. Kwa maneno yangu utakuwa umekatwa mkono mzima.

Yaya yako,
Yonasi


Rumonge, 28 Mei 2023

Elda,

Kaa chini kwanza. Si kifo.

Mwezi wa kwanza ukiisha, giaboksi iliniangukia mkono wa kulia. Vidole viwili vilivunjika, kile cha kuonyeshea na cha kati. Vimeunga, lakini vimesimama kama vijiti, havishiki kalamu. Tangu siku hiyo ninakuandikia kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana a haina mkia. Mkono wa kushoto haujui mkia.

Yonasi alijua. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, usimnyime sombe.

Nilificha kwa sababu niliogopa utakuja kunichukua. Na niliogopa kingine, nitakisema kwa kuwa nimeshaanza. Miaka mitatu umengoja mwanaume wa kubeba mizigo. Nikaona kwamba nikirudi na mkono huu, nitakuwa nimekuletea mtoto wa nne.

Hii kazi ya herufi ndiyo iliyonifundisha kuandika. Mwanzoni mkono wa kushoto ulikuwa unazurura, nikitaka kwenda chini unakwenda pembeni. Lakini herufi ya kwenye chuma ina kuta. Njiti ikitaka kutoka, ukuta unairudisha. Nimejaza T na O na Y za TOYOTA mara nyingi mpaka mkono umezoea njia zake, na nikishika kalamu unatembea vile vile, herufi zimesimama, zimeachana, kama ulivyosema. Ni watu waliogombana kweli. Lakini ni mimi.

Vifuniko vitatu vimekwisha, ni safi. Bado viwili. Kimoja kimeandikwa DIESEL, na hicho ni kigumu, S ina tumbo, rangi inapenda kukimbilia chini. Nilipokuwa napumzisha macho niliona kwamba pale kuna E, L na D. Nikachukua A kwenye TOYOTA, nikawa na wewe mzima hapo mezani. Nimecheka peke yangu. Wenzangu wanafikiri esansi imeniingia kichwani.

Yote nimesema. Kama hutaki kuamini, mstari wa mwisho hapa chini nimeuandika kwa mkono wa kulia. Nimebana kalamu kati ya gumba na kidole cha pete. Chai niliyomimina nilipouanza imepoa.

Elda, njoo na sufuria zako.

Josias


Mboko, juu, 12 Juni 2023

Baba Providence,

Mikia minne. Nimeihesabu, nikampa Providence naye ahesabu. Amesema: "Ni ya baba." Halafu ameuliza kwa nini ninalia huku ninacheka, na yeye afuate lipi.

Nimekasirika. Acha nikwambie ukiwa mbali, maana nikifika huenda nikasahau. Ulifikiri niliolewa na vidole? Miezi minne umefua, umepika, umejifunga bendeji kwa meno, na mimi huku nikimtukana mwanamke ambaye hayupo. Nilimpa mpaka sura. Alikuwa mnene, ana sauti nzuri, anajua Kifaransa. Nimemchukia kwa bidii, Josias. Ningekuwa nimelima shamba kwa nguvu hizo.

Na hilo la mtoto wa nne usilirudie. Hata hao watatu, nani aliwabeba?

Yonasi nimempelekea sombe nyingine. Alikula akiwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza habari za kalamu, akakohoa.

Kwenye hiyo S usimwage mara moja. Weka nusu, iache ishike, halafu weka nusu nyingine. Sijawahi kupaka injini, lakini nimewahi kumimina uji kwenye sahani iliyoinama. Na uegemeze chuma upande wa pili wa mteremko, uweke kipande cha ubao chini.

Shule inafunga Ijumaa tarehe thelathini. Jumatano inayofuata nitakuwa kwenye boti ya mama Marcelina, mimi, watoto watatu, sufuria nne na jogoo. Kama chumba kina matairi, tutakaa juu ya matairi. Kama kazi imeisha, tutatafuta nyingine, mimi nina mikono miwili na wewe una mmoja na nusu, inatosha nyumba.

Usijibu. Barua itapishana na mimi ziwani.

Mke wako,
Elda


Rumonge, 16 Julai 2023

Yaya Yonasi,

Wamefika salama wote. Jogoo alitapika, watoto hapana.

Nianze na vifuniko. Faisal alikuja tarehe thelathini, siku moja kabla ya sikukuu. Vyote vitano nilikuwa nimevipanga juu ya gunia safi. Alivaa miwani, akainama, akapitisha ukucha pembeni ya kila herufi, taratibu, moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama nimeweka mkono wa kulia mfukoni. Kwenye ile S ya DIESEL alikaa muda mrefu. Halafu akasema: "Mjomba, hii iliandikwa na mashini?"

Patroni Marhun akajibu: "Hapana. Iliandikwa na mutu yangu."

Alikwenda akaita vijana wawili waanze kutoa matairi.

Jumatano iliyofuata niliwasubiri ufukweni. Elda alishuka na sufuria kichwani, maji yakimfika magotini, hakunisalimu kwanza. Alisema: "Leta." Nikampa mkono wa kulia. Aliushika, akaugeuza, akajaribu kukunja vile vidole viwili polepole, kama anayejaribu mlango wa nyumba ya mtu. Halafu akauacha, akauchukua wa kushoto, akautazama na rangi yake nyekundu kwenye kucha.

"Kumbe ni wewe," akauambia. "Amahoro, mke mwenzangu. Unaandika vizuri, lakini koma zako nyingi mno."

Mama Marcelina alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga wa watu.

Chumba bado kinanuka mpira, lakini Elda amekipiga maji mara tatu na sasa kinanuka mpira na sabuni. Asubuhi anakuja nami mezani. Yeye anasugua sabuni juu ya chuma, ana mkono mwepesi kuliko wangu, mimi naweka rangi, na wakati wa kufuta tunagombania kitambaa. Faisal ametuma vifuniko vingine vinane. Patroni siku hizi akipita anamsalimu yeye kwanza, anamwita Fundi, mimi ananiita Mukono. Sijali. Nimechoka, yaya, mgongo unauma kwa kuinama, na jioni nakaa mlangoni na watoto tunaangalia kile kipande cha ziwa.

Ile barua yangu ya kwanza, kama hukuichoma, mpe mama Marcelina ailete. Elda anataka kuona ule mwandiko wa nyasi. Anasema anataka kujua huyo mke mwenzake alikuwaje kabla hajasoma.

Sasa mkono wa kushoto hauna mtu mwingine wa kumwandikia, ndiyo maana wewe umepata ukurasa mrefu. Elda amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, na sasa ananyang'anya kalamu.

Mdogo wako,
Josias

Shemeji Yonasi, ile kalamu yako inayobadilisha mtu nimeiona. Elda.